Maswali matatu ya Kijapani yamenikwamisha kwa mama mdogo. Mnaojua Ubuddha nisaidieni

BintiMwalo (Kigoma)

Shikamooni wakubwa. Wa rika langu, za jioni.

Nauza dagaa mwalo wa Kibirizi, pale boti zinaposhusha samaki, mwaka wa kumi na tisa huu. Nataja kazi mapema kwa sababu shida yangu imeingilia kwenye daftari. Sisi wa mwalo tunaishi kwa daftari la madeni. Fulani kachukua ndoo mbili giza lililopita (siku zisizo na mbalamwezi, ndizo za kuvua), fulani wa Kasulu kabakiza elfu arobaini, fulani kaapa atalipa Ijumaa na hakusema Ijumaa ipi. Daftari langu lilikuwa na upande mmoja tu, wa watu ninaowadai. Hao nawakumbuka hata usingizini.

Miaka minne iliyopita akafikia kwangu kijana mmoja wa Kijapani. Marehemu baba yangu alikuwa akikata njia za msituni Mahale, kule Kasoge, kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto walioanza kuwafuatilia sokwe mwaka 1965, miaka ishirini kabla pale hapajawa hifadhi ya taifa. Walimu wa kijana huyu walimjua baba. Sasa mashine ya boti ikafa, boti ya kwenda kusini haipo mpaka siku ya nne, basi akalala kwangu usiku tatu.

Usiku wa kwanza nikamwona amekaa kwenye kona ya sebule, uso ukutani, kimya, kama mtoto aliyeadhibiwa. Dakika ishirini hivi. Kisha akaandika kwenye kijitabu. Nikamuuliza kama anapiga hesabu za safari. Akacheka, akasema ndiyo ni hesabu, lakini za anachodaiwa yeye.

Akanieleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kwamba kwao kitu hicho kinaitwa naikani, yaani kutazama ndani. Aliyekitengeneza ni Yoshimoto Ishin, mtu aliyezaliwa 1916, Mbuddha wa madhehebu ya Ardhi Safi. Katika madhehebu yake palikuwa na zoezi kali la kujichunguza, mtu hali, hanywi, halali, anakumbuka maisha yake tu. Yoshimoto alilipitia, kisha akaondoa njaa na kukesha ili hata mtu wa kawaida aliweze, asiye wa dini yake pia. Wanaofanya kikamilifu hukaa wiki nzima nyuma ya pazia la karatasi tangu alfajiri mpaka usiku, na kila baada ya saa moja au mbili msimamizi anakuja, anainama, anauliza umekumbuka nini. Tena Yoshimoto mwenyewe alikuwa mfanyabiashara. Aliposema hivyo ndipo nikasogeza kigoda.

Maswali ni haya. Unamchagua mtu mmoja, kwa kawaida mama ndiye wa kwanza, unachukua kipande cha umri wako, tuseme kabla ya shule, halafu miaka mitatu mitatu mpaka leo. Unajiuliza: nimepokea nini kwake? Nimempa nini? Nimemtia taabu gani?

Nikasubiri la nne. Halikuja. Nikamuuliza, na taabu alizonitia yeye je? Akasema hilo halipo, kwa kuwa hilo kila mtu analifanya vizuri bila kufundishwa.

Nikaanza kwa mzaha, nikaendelea kwa kweli. Nilianza na baba, kwa sababu mama simkumbuki sana. Kitu kimoja nimekigundua: ukiandika "baba alinipenda" hujaandika kitu. Nikafuta, nikaandika kandambili za bluu alizoniletea kwa meli ya Liemba nikiwa na miaka minane, zote mbili za mguu wa kushoto, na jinsi alivyoona haya. Nikamwandika mwalimu wangu wa darasa la tatu aliyekuwa akinichongea penseli kwa wembe wake mwenyewe, na wembe ulikuwa na bei. Nikamwandika mzee mvuvi aliyenikopesha ndoo ya kwanza ya dagaa bila kuandika popote, maana hakujua kuandika. Miaka yote nilikuwa nikisimulia kwamba nilianza biashara kwa mikono yangu mitupu. Mikono mitupu, na ndoo ya mtu imejaa!

Sasa mama mdogo.

Mama alifariki nikiwa na miaka saba. Baba yuko Mahale, anakuja mara mbili kwa mwaka. Mdogo wake mama akanichukua Ujiji, na yeye ana wanne wake. Kipande cha miaka saba mpaka tisa peke yake nimepata mistari sitini na moja. Alinisuka kila Jumapili jioni, kichwa changu kimebanwa katikati ya magoti yake. Nilipougua surua alinibeba mgongoni kutoka Ujiji mpaka mjini usiku, gari hakuna. Kipande cha samaki cha mkiani alikuwa anasema hakipendi. Sijawahi kusikia kwamba alikiacha siku ambayo sisi hatupo.

Mwaka 1993 nilimaliza darasa la saba na nikachaguliwa kwenda sekondari ya serikali. Kwenye shule yetu wasichana waliochaguliwa mwaka ule hawakufika watano. Mama mdogo akamwambia mwalimu kwamba nimehamia kwa baba, sipo. Nafasi ikaenda. Mimi nikaambiwa nimefeli. Nikaendelea kuuza vitumbua vyake, baadaye dagaa. Ukweli nimeujua miaka sita baadaye, msibani, mwalimu mwenyewe akishangaa kuniona Kigoma.

Leo ana kiharusi, mwaka wa pili, yuko chumba cha nyuma kwangu. Namlisha uji mimi. Na kila nikikaa kwenye kona nikafika kwake, mstari wa sitini na mbili unajiandika wenyewe, na si jibu la swali lolote kati ya yale matatu.

Naomba mnaojua mambo haya mniambie. Kuliruka jambo lile na kuandika samaki wa mkiani tu, si uongo? Na nikimshukuru, ndiyo nimeshamsamehe bila kuulizwa? Halafu hata kama ni kushukuru, nitaanzaje? Kwetu mtu hamwambii mama "asante kwa kunilea." Ataona namuaga.

---

Mwalimu_Isevya (Tabora)

Marahaba binti yangu.

Nilifundisha historia miaka thelathini, sasa nafuga nyuki kidogo na kusoma ninachotaka. Mimi ni Mkatoliki. Ila nikiwa kijana Dar es Salaam nilizoea kupita kwenye hekalu la Wabuddha la Upanga, lile la watu wa Sri Lanka, kwa sababu lina kivuli na watu wake hawamfukuzi mtu. Mtawa mmoja mzee alinivumilia na maswali yangu. Nitakupa nililolipata kwake na kwa kusoma, basi.

Katika Kipali, lugha ya maandiko yao ya zamani, mwenye shukrani huitwa katanyu. Kata ni kilichotendwa, nyu ni mwenye kujua. Kwa hiyo ni mtu anayejua alichotendewa. Angalia vizuri: hakuna moyo humo, hakuna machozi, hakuna kujisikia vizuri. Kuna kujua. Hizo kandambili zako za mguu wa kushoto ni katanyu tupu, na nimecheka peke yangu hapa barazani. Linafuatana na neno la pili, katavedi, yaani anayekionyesha, anayefanya alichotendewa kijulikane. Buddha alisema watu wa namna mbili ni adimu duniani: anayeanza kutenda wema kabla hajatendewa, na anayeujua wema aliotendewa na kuuonyesha.

Sasa kuhusu wazazi. Kuna hotuba fupi inayonukuliwa sana na kumaliziwa mara chache. Inasema wapo wawili ambao si rahisi kuwalipa, mama na baba. Hata ungembeba mama bega moja na baba bega la pili miaka mia, ukawakanda, ukawaogesha, na wao wakajisaidia palepale mabegani mwako, hujawalipa. Kwa nini? Kwa sababu walikulea, wakakulisha, wakakuonyesha dunia hii. Wahubiri wengi wanaishia hapo, watoto wanainamisha vichwa, sadaka inapita.

Lakini hotuba inaendelea. Inasema mtoto aliyemwongoza mzazi asiye na imani akapata imani, mwenye mwenendo mbaya akapata maadili, bahili akapata ukarimu, asiye na hekima akapata hekima, huyo ndiye aliyelipa, na amezidisha. Hebu isome orodha hiyo polepole. Mwenye kuisema anajua kwamba wako wazazi mabahili. Wako wazazi wenye mwenendo mbaya. Hakusema hao hawadai kitu, wala hakusema makosa yao yafunikwe. Aliweka deni na kosa kwenye sentensi moja na havikupigana.

Kwa hiyo la kwanza lako nalijibu hivi: si uongo kuandika samaki, ilimradi usiandike kwamba 1993 haikuwepo. Na huenda kumwuliza mama mdogo juu ya mwaka ule, kwa adabu, kabla ulimi haujamwishia, ni sehemu ya malipo yenyewe.

Ulibebwa mgongoni kutoka Ujiji mpaka mjini, nimekiona hicho. Miaka mia haijafika bado, lakini kile kilima nakifahamu.

---

Mzungukaji

Ningekuwa mimi, huyo mama mdogo angerudi kwa watoto wake wanne. Wako wapi?

---

BintiMwalo

@Mzungukaji wawili wamefariki, mmoja yuko Kalemie ng'ambo, mmoja yupo hapahapa Mwanga na hapokei simu. Umeuliza, nimejibu.

Mwalimu, sentensi yako ya deni na kosa nimeisoma mara tatu. Nitarudi.

---

AbuuUjiji

Assalaam alaykum dada yangu.

Nimesoma kwa makini, sina ugomvi. Lakini linanisumbua jambo moja: wewe ni mtoto wa Ujiji, umelelewa pale, kwa nini uende kukopa Japani kitu ambacho kipo nyumbani? Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu. Qurani inamtaja mama kwamba amembeba mtoto kwa udhaifu juu ya udhaifu, na hapohapo inasema nishukuru Mimi na wazazi wako. Imekamilika. Kona, ukuta, kuinamiana, hayo yanatoka kwa watu wenye masanamu. Chunga.

---

BintiMwalo

Wa alaykum salaam kaka.

Sijahama. Swala zangu ziko palepale, na hiyo hadithi nimekua nikiisikia. Ndiyo maana imeniuma: nimeisikia miaka arobaini na sikuwahi kuandika kandambili. Nilikuwa naijua kama ninavyojua kwamba maji ya ziwa ni mengi. Kijana yule hakunipa imani, alinipa namna ya kuhesabu. Hakuna sanamu sebuleni kwangu, kuna ukuta wenye rangi iliyobanduka na kalenda ya duka la vifaa vya uvuvi. Na kuinama ni kwa huyo msimamizi wa kwao, kwangu haji mtu. Mimi nakaa kwenye kona baada ya isha kwa sababu kwingine kote kuna watoto.

Wewe mwenyewe ukijaribu kumwandika mtu mmoja, miaka mitatu tu, utaniambia.

---

AbuuUjiji

Haya. Kwa kuwa umesema ni hesabu, nanyamaza kwanza. Mama yako mdogo mpe salamu, nadhani namjua. Vitumbua vyake tulikuwa tunavinunua pale karibu na miembe, tukienda madrasa.

---

FundiReli (Tabora)

Dada, pole. Nataka nikuambie tofauti kidogo na Mwalimu, nikimheshimu.

Maswali hayo matatu nimeyafanya. Nilikutana nayo kwenye simu, usiku wa zamu, stesheni kimya. Wameandika anza na mama au baba. Nikaanza na baba. Baba yangu alikuwa mtu wa mkanda. Sitaeleza zaidi. Nilipofika swali la tatu, nimemtia taabu gani, nikaanza kuandika sababu zote zilizomfanya anipige, moja moja, kwa mwandiko mzuri, kama karani. Nilipomaliza nilikuwa nimemtetea vizuri kuliko wakili. Nikakaa siku mbili sili.

Kwa hiyo nasema: naikani ni kisu kizuri, lakini hujifunzi kukata kwa nyama ngumu. Kwa mtoto aliyeumizwa swali la tatu linaweza kugeuka kuwa mkanda uleule, safari hii umeushika mwenyewe.

Kilichonisaidia kimetoka Ubuddha huohuo, upande mwingine. Wana zoezi la meta, yaani kumtakia mtu heri, na lina mpangilio. Unaanza na nafsi yako. Unafuata mtu aliyekufadhili, ambaye ukimkumbuka tu uso unalegea. Halafu rafiki. Halafu mtu ambaye kwako si wa heri wala wa shari. Aliyekuumiza ni wa mwisho kabisa, na hakuna anayekuhimiza ufike haraka. Mimi nikachukua maswali matatu nikayaweka kwenye ngazi hiyo ya meta. Sijui kama wakubwa wao wangekubali, lakini kwangu limefanya kazi.

Mtu wangu wa "si heri wala shari" alikuwa mzee aliyekuwa akibadilisha njia hapa stesheni wakati naanza kazi. Tabora ni njia panda: treni inayotoka Dar ikifika, mabehewa mengine yanakwenda Mwanza, mengine Kigoma, mengine yanateremka mpaka Kaliua ndiyo yashike ya Mpanda. Mtu mmoja na taa yake, usiku wa mvua, anavuta chuma. Akikosea, watu wa Mwanza wanaamkia kwenye njia ya Kigoma. Nilifanya naye kazi miaka sita na katika kipande hicho nikaona nilichompa ni sigara tatu na lawama moja. Mstari mfupi kuliko yote niliyowahi kuandika. Baba bado sijamrudia. Labda mwakani.

Kuhusu swali la nne: liandike, dada. Lakini daftari lingine. Rangi nyingine ya jalada, kabisa.

---

Mwalimu_Isevya

FundiReli, wabeja, asante. Umenirekebisha na nimekubali. Nilizungumza kama mtu aliyelelewa bila mkanda, na ndivyo nilivyolelewa.

Nitaongeza moja tu kwa binti wa mwalo, wakati anasubiri ujasiri. Kuna kijana katika maandiko yao, Sigala, baba yake alipokuwa anakufa alimwachia agizo la kusujudia pande sita kila asubuhi. Buddha akamkuta nje ya mji wa Rajagaha nywele zimelowa, anainamia mashariki, kusini, na kadhalika, hajui kwa nini. Hakumcheka. Akamwambia pande hizo ni watu. Mashariki wazazi, kusini walimu, magharibi mke au mume na watoto, kaskazini marafiki, juu watu wa dini. Na chini, wale wanaokufanyia kazi. Hao chini akawataja kwa vitendo vitano: wape kazi kwa kadiri ya nguvu zao, wape chakula na ujira, watunze wakiugua, ukipata kitu kitamu wagawie, na waache wapumzike kwa wakati wake.

Nauliza tu: nani anageuza dagaa wako kwenye chanja?

---

BintiMwalo

Mwalimu!! Umenishika pabaya. Yupo binti, mwaka wa tatu. Jana nilikuwa nimemkata elfu mbili kwa sababu mvua ilimkuta amekwenda kunyonyesha. Nimeirudisha leo asubuhi. Kidogo, najua.

Mbalamwezi imeingia, boti hazitoki, nina siku kumi na kitu za kukaa. Nitafanya kama FundiReli alivyosema, kwa ngazi. Nimenunua daftari la pili. Jalada jekundu.

---

BintiMwalo (baada ya wiki tatu)

Nimerudi. Nisameheni urefu.

Nilianza na wepesi. Dereva wa daladala ya Ujiji aliyeningoja na ndoo zangu. Mkunga wa mwanangu wa pili. Yule binti wa chanja, ambaye ana mtoto wa miezi saba na jina la mtoto nililijua wiki iliyopita. Nikamaliza hao, nikaona mikono haitetemeki, nikaingia kwa mama mdogo.

Daftari jekundu nililijaza kwanza. FundiReli alisema rangi nyingine, na ana haki, kwa sababu likishakaa kule haliji tena kunigongea mlango wa huku. Nimeandika 1993 yote. Jina la shule niliyopangiwa. Godoro na ndoo vilivyokuwa kwenye orodha ya mahitaji, ambayo sikuwahi kuiona ila mwalimu alinisimulia. Nimeandika matusi mawili pia, Abuu unisamehe.

Na hapo kitu cha biashara kikanijia. Tuna mvuvi mmoja mwaloni, mimi namdai na yeye ananidai, miaka yote. Watu wananiambia, mbona msikate, mkafuta kwa kufuta, anayebaki na deni alipe? Tulijaribu mara moja. Tulipofuta, kilipotea kitu. Deni langu kwake lilikuwa la usiku ambao mtumbwi wangu ulizama na yeye akaniamini bila kuniuliza. Deni lake kwangu ni nyavu alizochukua akanizungusha miezi minane. Hesabu ilikuwa karibu sawa, elfu kadhaa tu tofauti. Baada ya kufuta tukawa watu ambao hawajawahi kufanyiana lolote. Tulirudisha mistari. Ipo mpaka leo, kurasa mbili zinazotazamana.

Kwa hiyo swali langu la kusamehe nimeliacha. Sina jibu lake, na zoezi halinidai jibu. Mgongo kutoka Ujiji ni mstari. Uongo kwa mwalimu ni mstari. Hakuna unaokatwa kwenye mwingine.

Swali la tatu ndilo lililonitoa jasho, na si kwa namna ya FundiReli. Miaka kumi na nne mpaka kumi na saba: nilikuwa nadokoa hela ya vitumbua kila siku ya soko, naificha kwenye pindo la sketi. Alijua upungufu, hakujua mwizi, akampiga mwanaye mkubwa. Mara mbili. Nilikuwepo, nilinyamaza. Huyo ni mmoja wa wale wawili waliofariki. Na miaka ishirini mpaka ishirini na mbili, baada ya kuujua ukweli, sikumsalimia. Napita mbele ya mlango wake na ndoo kichwani, anasema "mwanangu," mimi napita. Watu wa mtaa wanaona. Harusi ya bintiye wa mwisho sikwenda. Hivi vyote nilikuwa navijua, ila nilikuwa nimevihifadhi chini ya kichwa cha habari "alichonifanyia."

Halafu juzi, asubuhi, namlisha. Uji wa ulezi, anaupenda uwe wa moto sana, na hawezi kupuliza, mdomo umekwenda upande. Napuliza mimi. Sijui nini kilinisukuma, nikasema, "Mama, ule mwaka niliomaliza la saba. Kwa nini ulimwambia mwalimu sipo?"

Hakujifanya hasikii, ambavyo nilikuwa nimejiandaa. Alinitazama muda mrefu. Akasema, na maneno yake siku hizi lazima usubiri kila moja lifike, "Ulijua hesabu."

Nikangoja.

"Mimi walikuwa wananiibia."

Basi. Akafungua mdomo kwa kijiko kingine.

Nikakumbuka. Nina miaka kumi, kumi na moja, nakaa naye kwenye mkeka jioni, anamwaga sarafu kutoka kwenye kanga na mimi nazipanga. Mwenye unga anasema deni lake ni kiasi fulani, mimi nasema hapana mama, ni kiasi kingine. Ugomvi, mwenye unga anashindwa. Alikuwa akinishika kichwa hivi, kwa nyuma. Mwaka wa kwanza nilipoanza kumpigia hesabu ndio mwaka tulioezeka bati.

Sikumwambia asante. Sikumwambia nimekusamehe. Nilipuliza uji, nikamaliza bakuli, nikamgeuza ubavu, nikaenda kuoga kwa sababu nilikuwa nalia na watoto walikuwa wanakuja kuaga.

Usiku nimeliandika kwenye daftari jekundu, maana ndipo lilipo: alinifungia njia kwa sababu nilikuwa na manufaa kwake. Kesho yake nimeliandika na kwenye hili lingine, swali la kwanza, nilichopokea: mtu wa kwanza kuniamini na hela yake yote. Jambo moja, madaftari mawili. Mhasibu yeyote ataniambia nimekosea.

Jana jioni nilimkalisha kibarazani, nikamwekea ndoo ya sarafu za mauzo ya rejareja miguuni, mkono wake mzuri upande wa ndoo. Nikamwambia, nihesabie. Alianza kupanga za mia mia. Anakosea, anarudia. Tulikaa mpaka mbu wakaanza.

---

Mwalimu_Isevya

Nilikuwa nimeandika maelezo marefu hapa juu ya katavedi. Nimeyafuta. Hizo sarafu zinatosha.

---

AbuuUjiji

Nimemwandika marehemu ami yangu. Miaka mitatu tu, kama ulivyosema. Tutaongea siku nyingine, dada.

---

Mzungukaji

Nimesoma uzi wote nikiwa kwenye basi, abiria wa pembeni kanipa kitambaa. Giza limeshaanza? Ndoo ya dagaa wakavu bei gani sasa? Niko Kaliua.

---

BintiMwalo

Limeanza juzi, wameteremka vizuri. Nitumie ujumbe pembeni nikupe bei. Wewe sikukopeshi.